Aliyesoma Kurasa Zetu Zote

Katika chumba cha kompyuta cha maktaba ya Kitale hakuna mtu aliyeitwa kwa jina lake. Ukifika mlangoni, Madam, mkutubi wa chumba hicho, alikupa kibao cha mti chenye kamba, na juu ya kibao kumeandikwa jina la zao: Mahindi, Maharagwe, Viazi, Kabeji, Alizeti, Mtama, Muhogo. Kila kompyuta nayo ilikuwa na zao lake, limeandikwa kwa rangi ya kucha juu ya skrini. Kuanzia hapo mpaka unatoka, wewe ulikuwa zao.

"Viazi, punguza sauti."

"Alizeti, hiyo ni kompyuta, si ngoma. Gonga polepole."

"Maharagwe, muda umekwisha. Usiniangalie hivyo, kuna watu wanangoja."

Siku moja aliingia bwana mmoja mwenye tai, mtu wa kuketi viti vya mbele katika mikutano ya hadhara, akakipokea kibao chake na kukigeuzageuza.

"Madam, mimi nafikiri unanijua."

"Huko nje nakujua sana," alimjibu. "Humu ndani wewe ni Kabeji. Karibu, Kabeji."

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa habari katika kituo kidogo cha redio pale mjini. Kituo kilikuwa na kompyuta moja, nayo ilikuwa ya mkubwa wetu, kwa hivyo habari zangu nilizipigia chapa maktabani. Kibao changu cha kawaida kilikuwa Muhogo, kompyuta iliyokuwa ubavuni mwa meza ya Madam, ambayo wengi waliikwepa kwa sababu ya kuwa karibu naye mno. Miaka niliyokaa hapo ndiyo iliyonipa haya ninayoyaandika. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nilimuuliza mwenyewe, naye akanijibu, isipokuwa pale alipokataa.

Alikuwa mrefu, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa kiangazi na masika, na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi wa manjano. Viatu vyake vilikuwa vya kisigino kigumu. Katika nyumba inayotaka utulivu, viatu vile vilikuwa kero: ko, ko, ko, kutoka mezani mpaka dirishani, ko, ko, ko, kurudi. Mkubwa wa maktaba alimwomba avae raba. Madam alikataa kwa heshima. Nilipomuuliza sababu alishangaa kwamba sikuwa nimeielewa.

"Mtu wa Redio, nikivaa raba si nitakuwa nanyemelea watu? Wacha wanisikie nikija. Anayetaka kufunga ukurasa wake, afunge. Mimi nikifika nikute mtu ametulia."

Nilianza kuangalia, na kweli, kila viatu vilipoanza kulia, mikono kadhaa ilisogea haraka. Alipowafikia, wote walikuwa wanasoma habari za hali ya hewa.

Asidhaniwe kuwa mtu wa siri. Nje ya chumba kile sijakutana na mwanamke aliyependa habari za watu kama yeye. Tukikutana sokoni alinieleza nani ameposa huko Saboti, nani amenunua ng'ombe Naitiri na ng'ombe mwenyewe ni kiwete, kwaya gani imegawanyika na chanzo chake ni sare za rangi gani. Aliyasema kwa sauti kamili, mkono mmoja ukipima nyanya. Nilipata habari nyingi nzuri kutoka kwa sauti ile. Lakini alichokiona mtu kwenye kompyuta hakikutoka mdomoni mwake hata kwa bahati mbaya.

Nilijaribu. Kulikuwa na mama aliyekaa kwenye Viazi siku moja, akisoma huku machozi yanamtiririka, na mimi pua yangu ya kazi ikaanza kuwasha. Mama alipoondoka niliinama kuelekea mezani.

"Madam, huyo Viazi alikuwa na habari gani?"

"Habari za viazi ziko sokoni. Nenda uulize bei."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alivaa miwani, akaenda kwenye kompyuta ile na kufuta kumbukumbu za kurasa zilizofunguliwa, kama alivyofanya kila mtu alipoinuka, halafu akapangusa kibodi kwa kitambaa. Hakupangusa kwa ajili ya vumbi. Nafikiri aliona kwamba kazi haijakamilika mpaka na vidole viwe vimefutwa.

Waliosahau kufunga barua pepe zao walikiona cha moto. "Alizeti wa asubuhi!" alimwita mtu akipita nje uani. "Umeacha mlango wazi. Nimekufungia. Sikuingia ndani, lakini nimeona una barua nyingi hujazifungua. Si uzifungue, bana? Watu wanakungoja."

Kuna waliomdhania mpinzani wa serikali, au mtetezi wa uhuru wa mtandao wa wale wanaoalikwa kwenye makongamano. Hakuwa hivyo hata kidogo. Makao makuu huko Nairobi yalipoleta mfumo wa kuzuia kurasa, Madam aliupokea kwa mikono miwili. Kurasa za kamari zilizuiwa zote, naye siku hiyo alileta mandazi. Vijana waliokuwa wakija kubashiri mechi waligonga wee, wakapata kibandiko chekundu kinachosema ukurasa umezuiwa. Walikipa jina la Askari.

"Madam, Askari amekataa!"

"Askari amefanya kazi yake. Huko rafuni kuna vitabu vya ufugaji wa kuku. Kuku hachezi sare na mtu."

Kwa hivyo alikuwa mtu wa vizuizi, tena wa dhati. Alichoka na Askari msimu wa kupanda ulipofika.

Mzee mmoja kutoka Saboti, mzee wa kanisa, mpole, kofia mkononi, alikuja kutafuta mbegu ya mahindi inayostahimili baridi ya karibu na mlima. Askari alikataa. Kumbe kampuni ya mbegu ilikuwa imeweka chini ya ukurasa wake droo ya wateja kushindania pikipiki, na mfumo ukaona kamari. Utaratibu ulikuwepo: ukurasa uliozuiwa kwa makosa uliweza kufunguliwa kwa ombi la mkutubi, mradi aandike jina la msomaji, nambari ya kitambulisho na sababu. Madam aliandika kila kitu kama kilivyotakiwa. Ukurasa ulifunguliwa. Mzee akapata mbegu yake.

Lakini baadaye ilikuja kutoka Nairobi taarifa ya watu waliojaribu kufikia kurasa za kamari, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo na karani ambaye hakujisumbua kuisoma. Jina la yule mzee lilikuwa la kwanza. Ilikaa pale kutwa nzima. Jumapili iliyofuata kulikuwa na minong'ono kanisani, na mzee akakaa benchi la nyuma.

Madam alikwenda Saboti mwenyewe. Alisimama mbele ya kanisa baada ya ibada, akaeleza habari ya mbegu na droo na pikipiki, mpaka watu wakacheka na mzee akarudishwa mbele. Alinisimulia hayo siku ya pili.

"Nilimwandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri kabisa," alisema. "Sitarudia."

Hakurudia. Kuanzia hapo kila ombi lililotoka Kitale kwenda Nairobi lilikuwa na jina moja, lake, na nambari moja ya kitambulisho, yake. Mahali pa sababu aliandika: kujisomea.

Namna alivyofanya ilikuwa hivi, maana Askari alizuia hata kurasa za maradhi, pombe au ufugaji kwa neno moja tu au tangazo lililomtia shaka. Askari akimkatalia mtu, mtu aliinua kibao bila kusema. Madam alikuja, ko, ko, ko, akiwa na kipande cha katoni alichokikata kutoka boksi la karatasi. Alikiegemeza kwenye skrini kikafunika kila kitu, ikabaki anwani ya ukurasa pale juu. Aliinakili anwani hiyo akiwa amekunja midomo, akaondoka. Hakuuliza ni nini. Baadaye siku hiyo, au kesho yake, ukurasa ulifunguka.

Na jioni, wasomaji wakianza kutoka na mlinzi akifunga madirisha, Madam alikaa kwenye kompyuta yake na kuusoma ukurasa ule kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo ikichezacheza. Nilidhani ni umbea umemzidi. Nilimwambia hivyo.

"Nimeandika kwamba ni mimi nataka kusoma," alinijibu. "Nisiposoma nimeidanganya serikali. Unataka nidanganye serikali?"

Alikuwa mtu wa kufunga saumu kabla ya Pasaka na kurudisha kalamu za kuazima. Uongo hata wa karatasi ulimkosesha usingizi. Kwa hivyo alisoma yote.

Mambo yakaenda hivyo kwa utulivu mpaka makao makuu yalipomtuma afisa.

Alikuwa kijana bado, suti ya kijivu, kompyuta ya mapajani, macho ya mtu aliyesafiri usiku. Aliweka kiti chake mbele ya meza ya Madam, yaani hatua chache kutoka kwangu, na chumba kilikuwa kimejaa. Madam alimwomba waende ofisini. Afisa alisema ofisi ina wageni, na kwamba haitachukua muda.

"Madam, nimekuja kwa sababu tuna wasiwasi na wewe."

"Asante. Mimi ni mzima."

"Hapo ndipo penye shida." Akafungua kompyuta yake. "Maombi yote ya kituo hiki yana jina lako. Kuna mawili tu yanayowezekana. Ama haya ni yako kweli, na basi una matatizo makubwa na hufai kusimamia chumba hiki, itabidi upumzishwe. Ama si yako, na umetoa taarifa za uongo kwa mwajiri. Hilo nalo unajua adhabu yake. Lakini kuna njia rahisi. Nipe majina ya wenyewe, tuyarekebishe, niende zangu."

Chumba kizima vidole vilikuwa vimeacha kugonga. Madam alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, kila mtu alijua, maana mwenyewe alikuwa akilitangaza sokoni.

"Wenyewe ni mimi," alisema.

Afisa alishusha pumzi na kuanza kusoma. "Tezi dume. Dalili na matibabu." Akainua macho. "Madam, una tezi dume?"

"Sina. Nina ndugu wanne na mjomba. Ni lazima kitu kiwe changu ndiyo nikisome?"

Mzee mmoja alikohoa upande wa dirishani.

"Jinsi ya kuacha pombe ya chang'aa."

"Sijawahi kuionja. Ndiyo sababu ilibidi nisome."

"Haki za mke kwenye shamba lililoandikwa jina la mume."

"Mume wangu ni marehemu na shamba ninalo. Nilitaka kujua nililipataje."

"Ufugaji wa konokono."

Hapo Madam alisita. "Hiyo," alisema, "sikuipenda. Lakini niliimaliza."

Afisa hakutabasamu. "Mtoto wa shule aliyepata mimba, na njia za kumrudisha darasani." Alisoma hilo kwa sauti ya chini kidogo kuliko mengine. "Hili nalo?"

Nilisikia kiti kikisogea nyuma yangu. Kwenye Kabeji alikuwa amekaa mama mmoja ambaye wengi wetu tulimjua kwa sura, na sasa alikuwa ameanza kuinuka, mkono umeshika ukingo wa meza, mdomo wazi. Ungeona kabisa alichotaka kusema. Madam hakugeuza kichwa.

"Kabeji," alisema kwa sauti yake ya kila siku, "kaa chini. Muda wako bado."

Mama akakaa.

"Hilo nalo ni langu," Madam alimwambia afisa. "Niulize limesema nini. Niulize lolote. Kama sijasoma, andika mimi ni mwongo niende nyumbani leo."

Akamuuliza. Sitasema alijibu kama daktari, kwa maana hakujibu hivyo. Alichanganya dawa mbili, na kuhusu konokono alisisitiza jambo ambalo mfugaji mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye Mtama, alishindwa kulivumilia akatikisa kichwa. Lakini ilikuwa wazi kwamba alikuwa amesoma. Alieleza ukurasa wa chang'aa kama mtu anayemweleza ndugu yake: siku za mwanzo ni mbaya, mwili utatetemeka, usikae peke yako, mtafute anayeweza kukuangalia. Alipokuwa akisema hayo alimwangalia afisa usoni muda wote, wala hakuangalia upande wa dirishani, ambako kikohozi kilikuwa kimekoma.

Afisa alifunga kompyuta yake. Akaichezea kalamu yake.

"Kwa hivyo umezisoma zote."

"Zote, mwanangu. Nyingine mara mbili, Kiingereza chake kigumu."

Walikwenda kunywa chai. Mkubwa wa maktaba aliwafuata akiwa na uso wa mazishi. Mimi nilibaki kwenye Muhogo nikijifanya naandika, na chumba kizima kilikuwa hivyo hivyo, kila mtu akijifanya. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nakumbuka yule mzee wa dirishani alitoa leso, akajipangusa shingo, akasema peke yake, "Mama huyu, jamani," kisha akaendelea kusoma gazeti la juzi.

Alasiri afisa alirudi. Alisimama mlangoni, akavua koti, akasema kompyuta yake imeishiwa na umeme na angependa kutumia moja ya hapa kwa muda mfupi. Madam alimpa kibao. Kilimwangukia cha Viazi.

Sikuona alichotafuta. Nilichoona ni kwamba baada ya kitambo aliinua kibao.  Madam alichukua katoni yake, ko, ko, ko, akaifunika skrini, akanakili anwani, akarudi mezani na kuandika ombi. Kama ilivyo kawaida, aliweka jina lake na nambari yake. Ombi likaenda Nairobi, kwenye ofisi ya yule yule Viazi, kwa maelezo kwamba mwanamke wa Kitale anataka kujisomea jambo.

Jioni ile nilikawia kutoka kwa makusudi. Aliusoma. Aliposoma nusu alivua miwani, akatazama nje kidogo, akaivaa tena.

"Maskini," alisema. Sikuthubutu kuuliza.

Ripoti ilipotoka, mkubwa wa maktaba alimruhusu aione. Sehemu iliyomhusu ilisema kwamba msomaji ni mmoja na ni halali. Madam aliirudia sentensi hiyo sokoni mwezi mzima, kwa kila muuza nyanya aliyekuwa tayari kusikiliza na wengine ambao hawakuwa tayari. "Halali!" alisema. "Na aliyeandika ana vyeti!" Sababu ya ripoti kuandikwa, hata hivyo, hakuieleza, na muuza nyanya hakujua anampongeza kwa lipi.

Baadaye alihamishiwa Bungoma, katika uhamisho wa kawaida wa watumishi. Alifurahi, maana dada yake anakaa Lugulu na walikuwa wamekubaliana zamani kuzeeka karibu. Siku ya kumuaga, watu ambao maktaba haijawahi kuwaona wakisoma kitabu walijaa uani. Hotuba zilikuwa fupi na za ajabu. Kila mtu alishukuru, na hakuna aliyetaja anachoshukuru. Mfugaji wa konokono pekee ndiye aliyesema wazi, akaleta na sahani ya konokono waliopikwa, nayo ikabaki kama ilivyoletwa.

Majuzi nilikuwa Bungoma kwa habari ya wakulima wa miwa. Mkutano uliahirishwa, nami nikabaki na nusu siku na jambo langu moja lililonisumbua kwa majuma. Simu ninayo, nzuri tu, lakini simu yangu hushikwa na mke wangu, na watoto, na wenzangu kazini wakitaka picha, na jambo hilo sikutaka lilale ndani yake. Nikaingia maktaba.

Nilivisikia viatu kabla sijamwona. Ko, ko, ko.

"Mtu wa Redio! Umenenepa!"

Sweta ilikuwa ile ile. Aliniuliza habari za Kitale, na kabla sijajibu akanipa za Bungoma: nani anajenga, nani anamdanganya nani kwamba anajenga, na kwamba mchumba wa binti wa jirani ya dada yake anakula kwa kelele kiasi cha kutisha kuku. Nilicheka mpaka msomaji mmoja akanitolea macho. Madam akaona bado nimesimama pale wala siagi, akakatiza habari zake. Akafungua droo.

Vibao vilikuwa vipya: Miwa, Njugu, Wimbi, Pamba. Alinipa Miwa. Uso wake ulibadilika kidogo, ukawa ule wa kazini.

"Karibu, Miwa."

Nilikaa kwenye kona. Nilipiga maneno yangu, nikaupata ukurasa niliokuwa nautaka, nikaufungua. Askari akakataa.

Nilikaa nikimwangalia Askari yule mwekundu. Katika miaka yote niliyowatazama wengine sikuwahi kujua jinsi masikio yanavyopata moto. Nilitaka kufunga na kuondoka. Badala yake niliinua kibao.

Viatu vilikuja bila haraka. Alisimama nyuma yangu, na kile kipande cha katoni, kimechakaa pembe, kikafunika skrini. Nikasikia kalamu yake.

"Madam," nilinong'ona, "wakikutumia afisa mwingine je?"

"Si atakuta nimesoma? Rudi baada ya chakula."

Nilirudi baada ya chakula, na ukurasa ulikuwa wazi. Niliusoma wote, polepole, na nikaona jambo langu si kubwa kama nilivyokuwa nimelifanya, ingawa si dogo. Nilipoinuka alipokea kibao, akaniambia nimsalimie mke wangu, nipitie Lugulu siku nyingine, dada yake anapika vizuri kuliko yeye. Nilipofika mlangoni nilisikia kitambaa kikipangusa kibodi.

Uani nilijifanya nafunga kamba za viatu. Kupitia dirishani nilimwona akikaa kwenye kompyuta yake, akivaa miwani, akianza kusoma, midomo ikichezacheza. Alifika mahali akainua macho kidogo. Kisha akaendelea.

Ukurasa wenyewe ulihusu nini sitaandika hapa. Anayetaka kujua aende Bungoma amuulize Madam nani aliyetaka kuusoma. Atamwambia ni yeye, na atakuwa hajadanganya.